Uzi: Nchi za kusini mwa Afrika zinatangaza utalii London wakati wageni wao wengi wanakuja kwa basi. Hivi matangazo hayo yanakuza uchumi kweli?

#1 Msafiri wa Tunduma (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Nina jambo linanikera na nataka tulijadili kwa data.

Mwanzoni mwa 2023 ilivuja habari kwamba bodi ya kutangaza utalii ya Afrika Kusini ilikuwa inaandaa mkataba wa miaka mitatu na klabu ya Tottenham Hotspur, karibu randi bilioni moja, ili jina la nchi lionekane kwenye ligi ya Uingereza. Wananchi wakawaka kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa unakatika kila siku. Mkataba ukafa, na Aprili waziri mpya Patricia de Lille akaivunja bodi.

Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 2019, kabla ya korona, nchi ile ilipokea watalii zaidi ya milioni 10. Takriban robo tatu walitoka Afrika hii hii: Zimbabwe, Msumbiji, Lesotho, Eswatini, Botswana. Wengi waliingia kwa barabara, na hakuna kati yao aliyeshawishiwa na jezi ya mpira.

Swali langu: matangazo yanaleta watalii na watalii wanakuza uchumi, au uchumi ukikua barabara na ndege zinakuja na watalii wanafuata wenyewe? Naamini fedha nyingi ya kutangaza inapotea kwa kumlenga mtu asiye sahihi. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kitasa
Naweka kambi hapa. Wachumi wa jukwaa mje.

#3 Mchumi wa Ubungo
Mtoa mada, swali lako la pili limefanyiwa utafiti mwingi kuliko unavyodhani, na majibu yanagongana.

Mwaka 2010 Akinboade na Braimoh walichukua takwimu za Afrika Kusini wakapima kitu kinaitwa usababisho wa Granger. Kwa lugha nyepesi: je, ukijua mapato ya utalii ya miaka iliyopita, unaweza kukadiria pato la taifa la mwaka unaofuata vizuri kuliko ukitumia pato la taifa peke yake? Wao walipata ndiyo, na mshale unatoka kwenye utalii kwenda kwenye uchumi. Wanasiasa wakipanda jukwaani huwa wanashika matokeo ya aina hii.

Miaka minne baadaye Balcilar na wenzake wakarudia swali kwa nchi hiyo hiyo, ila wakaruhusu uhusiano ubadilike kulingana na kipindi. Ukipima miaka yote kwa mkupuo mmoja, usababisho haushiki. Ukiigawa, kuna vipindi unaonekana na vipindi unatoweka. Ndiyo maana ukimuuliza mchumi makini atakuuliza kwanza unazungumzia miaka ipi.

Na jambo ambalo waandishi wa magazeti hawalisemi: kipimo cha Granger kinahusu mfuatano wa takwimu. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini hakuna anayesema jogoo ndiye analichomoza.

#4 Mama Yeoville
Niko Johannesburg kwa biashara muda mrefu, naomba niwape picha ya chini.

Kitakwimu mtalii ni mtu aliyetoka nchi yake akalala angalau usiku mmoja, mradi hakuja kuajiriwa kule alikokwenda. Kwa hiyo yule mama wa Harare anayevuka mpaka wa Beitbridge usiku, analala nyumba ya wageni mjini, ananunua mablanketi, mafuta ya kupikia, viatu vya shule na vipuri vya gari, kisha anarudi, ni mtalii kamili. Anaingia kwenye zile milioni 10.

Huyu mama anabeba pesa taslimu. Analipa chumba, analipa kijana wa kubeba mizigo, analipa basi na trela. Pesa yake inabaki mtaani siku hiyo hiyo, wakati Mzungu wa kifurushi ameshalipa kila kitu kwao kabla hajapanda ndege. Sijawahi kuona bango hata moja la kumkaribisha huyu mama. Anachokutana nacho ni foleni ya saa nyingi mpakani na askari wa barabarani wanaomsumbua.

#5 Kitasa
Kwa hiyo Mama Yeoville na wewe ni kivutio cha utalii? Tuje kupiga picha?

#6 Mama Yeoville
Njoo na hela ya mablanketi mwanangu, picha bure.

#7 Nakuru Moja
Mama Yeoville amegonga ndipo. Lakini mimi nasema tangazo kubwa kuliko yote ni viza. Sisi Wakenya tulikuwa tunapeleka makaratasi mengi, taarifa za benki, tunalipa ada kwa kituo cha kupokea maombi, halafu tunangoja. Tangu Januari 2023 tunaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Marafiki zangu waliokuwa wanakwenda Dubai kila Desemba sasa wanauliza habari za Cape Town, na hakuna aliyeona tangazo lolote.

Kinyume chake kilitokea 2015. Walileta sheria kwamba mzazi akisafiri na mtoto abebe cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Familia zikazuiliwa viwanja vya ndege. Wachina nao walitakiwa kufika wenyewe kituoni kutoa alama za vidole, katika nchi kubwa namna ile yenye vituo vichache. Wageni 2015 walishuka hadi kama milioni 8.9. Unaweza kumwaga mabilioni ya matangazo Beijing, kama mlango umefungwa ni bure.

#8 Mzee wa Takwimu
Nakuru Moja, usikimbie. Huo mwaka ulikuwa na mambo matatu kwa pamoja. Ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone ilisambaa 2014, na mawakala wa Ulaya na Asia wakaona wateja wanafuta safari za Afrika nzima. Freetown iko karibu na Lisbon kuliko na Cape Town, lakini aliyefuta safari yake ya hifadhi ya Kruger, Sauzi, hakuangalia ramani. Utamtenganishaje aliyekimbia Ebola na aliyekimbia cheti cha mtoto?

Halafu 2016 wageni wakapanda kupita milioni 10. Wa viza wanasema ni kwa sababu masharti yalilegezwa. Lakini Desemba 2015 Rais Zuma alimfukuza waziri wa fedha Nene, randi ikaporomoka, na kwa Mwingereza chakula cha jioni Cape Town kikawa bei ya sandwichi ya kwao. Mimi naipa randi nafasi kubwa zaidi.

#9 Nakuru Moja
Mzee, randi imeporomoka mara nyingi na wageni hawakuongezeka namna hiyo kila mara. Na wenye mahoteli walikuwa wanalia kuhusu sheria ya watoto kuanzia siku ya kwanza. Sheria ile wenyewe waliilegeza baadaye. Hakuna anayelegeza kitu kisichoumiza.

#10 Mzee wa Takwimu
Kulegezwa ni ushahidi kwamba wenye mahoteli walipiga kelele. Sio ushahidi wa kiasi gani kilipotea.

#11 Fundi Livingstone
Mimi ni Mbongo nafanya kazi ya hoteli upande wa Zambia, karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Niongeze suala la mtazamo wa wateja, maana naona mnaliruka na ndilo linatuua.

Mwishoni mwa 2019 kulikuwa na ukame mkali. Zikasambaa picha za ukuta wa mwamba mkavu, na vichwa vya habari kwamba Victoria Falls inakauka. Ukweli ambao kila mtu hapa anaujua: upande wa Zambia hukauka karibu kila mwaka kuelekea Oktoba na Novemba, kwa sababu mwamba wa upande huu uko juu zaidi. Maji hubaki upande wa Zimbabwe, na mto hujaa tena hadi kilele Aprili na Mei. Mwaka ule ulikuwa mbaya kuliko kawaida, hilo sikatai. Lakini mtu aliyeona picha mbili ya Januari na ya Desemba zimewekwa pamoja aliamini maporomoko yamekufa. Simu za kufuta safari zilikuwa za watu waliopangiwa kuja Aprili, mwezi ambao ukisimama pale unalowa mpaka kwenye soksi!

Wakati ule ile kaulimbiu ya kututangaza haikutusaidia chochote. Kilichosaidia ni waongoza watalii kupiga video kwa simu zao na kuzirusha kila siku wakionyesha maji.

#12 Binti Mawasiliano
Fundi Livingstone, ahsante, umenifungulia njia. Nimesomea masoko na kwa sasa nafanya kazi hiyo hiyo.

Utafiti mwingi wa masoko ya utalii Afrika Kusini na majirani zake unategemea madodoso ya mtazamo. Mtu anaulizwa: unaionaje nchi hii, salama au hatari, ghali au nafuu, ungependa kuja? Halafu anayeandika ripoti anachukua "ningependa kuja" kama vile ni tiketi iliyonunuliwa. Mwanasaikolojia Icek Ajzen alishaeleza 1991 kwamba kati ya mtazamo na tendo kuna vitu viwili vizito: watu wako wa karibu wanaionaje safari hiyo, na wewe mwenyewe unaona una uwezo wa kuifanya? Mjerumani anaweza kuipenda Namibia kwa moyo wote, ila mkewe akaogopa, au likizo ya shule isilingane, akaenda zake Uhispania.

Ndiyo maana nampinga mtoa mada kidogo. Sidhani tatizo ni London au Harare. Tatizo ni kwamba matangazo yanapimwa kwa watu wangapi waliyaona na wangapi waliyapenda, na hakuna anayepima wangapi walikuja ambao wasingekuja. Mahojiano ya wageni wanaoondoka yapo, SA Tourism (ile bodi ya utalii ya Sauzi) huyafanya viwanja vya ndege na mipakani, lakini pale unampata aliyekuja. Ambaye hakuja humuoni, na ndiye niliyetaka kumuuliza.

#13 Binti Mawasiliano
Nimesahau la ndani. Kampeni ya Sho't Left ilianzishwa kuwashawishi Waafrika Kusini wenyewe watembee nchi yao. Ukisoma mahojiano ya watu wa Soweto au Umlazi, wanaopenda kusafiri ni wengi sana, na wanasafiri kweli: Desemba mabasi yanajaa kwenda Limpopo na Eastern Cape. Wanakwenda kwa wazazi, misibani, harusini, kanisani Moria wakati wa Pasaka. Kulala hotelini kuangalia wanyama ni kitu kingine. Wakati wa ubaguzi mtu mweusi alizuiwa fukwe nzuri, na kwenye hifadhi alionekana kama mtumishi au jangili. Bibi hakumpeleka mama, mama hakumpeleka mtoto. Kizazi cha wazazi waliozuiwa hakiwezi kuanza tabia hiyo kwa tangazo la sekunde thelathini. Hili linaniuma, kwa sababu ripoti nyingi zinaandika "hawana utamaduni wa utalii" kana kwamba ni kasoro yao.

#14 Kitasa
Hapo Binti umeupiga mwingi. Sina la kuongeza.

#15 Kasumbalesa Kwetu
Jambo yenu. Niko Lubumbashi. Huku kwetu watu wenye pesa wanaenda Johannesburg kwa matibabu, kwa duka, na kupeleka watoto chuo. Mgonjwa mmoja anafuatana na ndugu wawili au watatu, wanakaa hoteli wiki nyingi. Wanaandikwa upande gani, watalii au wagonjwa? Na wale wa hospitali hawajatangaza kitu kwetu. Shangazi mmoja akipona, mtaa mzima unajua jina la daktari.

#16 Mchumi wa Ubungo
Kasumbalesa Kwetu, aliyekwenda kutibiwa anaingia kwenye watalii pia, na ndugu zake vilevile, kama hawajakaa mwaka. Umenipa hoja nzuri: kama hawa wanakwenda kwa sababu uchumi wa Sauzi una hospitali na maduka ambayo kwao hayapo, basi hapo mshale unatoka kwenye uchumi kwenda kwenye utalii. Mgeni wa Kruger na mgonjwa wa Lubumbashi wanajumlishwa kwenye safu moja ya takwimu, halafu tunashangaa kwa nini tafiti zinagongana.

#17 Tajiri wa Maun
Mnaongea kama watalii wengi ndio baraka. Botswana tangu sera yao ya 1990 waliamua wageni wachache wanaolipa sana. Delta ya Okavango, ambayo 2014 iliandikwa urithi wa dunia nambari 1,000, haina msururu wa magari kama unaouona Serengeti wakati wa nyumbu kuvuka mto. Kambi zina vitanda vichache na mgeni analetwa kwa ndege ndogo.

#18 Mama Yeoville
Na hizo kambi ni za nani? Mgeni analipa Ulaya au Johannesburg, ndege ndogo ya kampuni, mvinyo wa Stellenbosch, nyama na mboga zinatoka Sauzi. Kijana wa Maun anabaki na mshahara na bakshishi. Pato la taifa linaweza kupanda kwenye karatasi na kijiji kikabaki pale pale.

#19 Mzee wa Takwimu
Ndiyo maana napenda mfano wa Namibia. Sheria yao ya 1996 iliruhusu jamii kuunda hifadhi zao na kumiliki haki ya kunufaika na wanyama. Nne za kwanza zilisajiliwa 1998, sasa ziko 86. Jamii inaingia mkataba na mwekezaji wa loji, inachukua sehemu ya mapato, inaajiri walinzi wake. Ila kuna ugomvi: nyingine kipato chao kikubwa kimetoka kwenye uwindaji, na mteja wa Ulaya hataki kusikia. Botswana walisimamisha uwindaji 2014, wakaurudisha 2019. Tembo wao ni kama 130,000. Ujerumani ilipozungumzia kubana uingizaji wa nyara 2024, Rais Masisi akawaambia atawapelekea tembo 20,000 waishi nao. Huo nao ni mtazamo wa wateja, Binti Mawasiliano. Mteja wa Berlin anaamua mkulima wa mtama afanye nini na tembo aliyeingia shambani.

#20 Dereva wa Nakonde
Kuna mtu anajua ile viza ya KAZA inafanyaje kazi? Nimesikia unazunguka nchi zote tano.

#21 Fundi Livingstone
Sio tano, mkuu. Hifadhi ya KAZA ndiyo ya nchi tano: Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe. Viza ilianza Novemba 2014 kwa Zambia na Zimbabwe tu, dola 50, na unaruhusiwa kwenda Botswana kwa siku moja kupitia mpaka wa Kazungula ukirudi siku hiyo hiyo. Na wewe dereva unajua Kazungula ilivyobadilika. Kabla ya daraja kufunguliwa Mei 2021 malori yalingoja pantoni siku nyingi.

#22 Dereva wa Nakonde
Pale kwenye pantoni tumelala sana. Daraja lile limetuokoa. Na siku hizi naona mabasi madogo ya watalii yanapita humo humo kwenda hifadhi ya Chobe.

#23 Msafiri wa Tunduma
Mnaona? Daraja limejengwa kwa ajili ya shaba na malori, na watalii wamefuata humo.

#24 Binti Mawasiliano
Na uwanja wa ndege wa Victoria Falls? Ule ulipanuliwa kwa mkopo wa dola milioni 150 kutoka Uchina, ukazinduliwa 2016, kwa ajili ya watalii hasa. Baada ya hapo ndege kubwa zikaanza kutua, na Kenya Airways ikaweka safari ya Nairobi, Victoria Falls hadi Cape Town. Kwa hiyo upande wako wa mshale una daraja, na wangu una uwanja.

#25 Gooner wa Gisenyi
Nimechelewa. Mtoa mada anacheka Tottenham lakini Rwanda ilianza na Arsenal 2018, na kila mtu anajua "Visit Rwanda" sasa. Mpira unafanya kazi!

#26 Kitasa
Shida ya Sauzi walichagua timu ambayo wakati ule ilikuwa haibebi makombe. Hapo hata mimi ningeivunja bodi.

#27 Mchumi wa Ubungo
Mpira turudishe kwenye mada. Kombe la Dunia 2010 ndilo tangazo kubwa kuliko yote eneo hili limewahi kupata. Makadirio ya awali ya wageni yalizidi 400,000. Waliokuja hasa kwa ajili ya kombe walihesabiwa kama 309,000, wakatumia randi bilioni 3.6. Gharama za viwanja na barabara zilikuwa mara nyingi ya hapo. Anayetetea anasema taswira ya nchi ilibadilika na faida ilikuja miaka iliyofuata. Inawezekana, lakini miaka iliyofuata ilikuwa na mambo yake mengine.

#28 Gooner wa Gisenyi
Si walikuja milioni moja? Nakumbuka Juni ile kulikuwa na zaidi ya milioni.

#29 Mchumi wa Ubungo
Hao ni wageni wote wa kipindi kile, pamoja na mama wa mablanketi wa Mama Yeoville. Kombe likiwepo lisiwepo, yeye angekuja.

#30 Mama Yeoville
Angekuja, kweli. Ila kuna kinachomzuia, na naona mmekizunguka. Mashambulizi dhidi ya wageni Waafrika: 2008, 2015, 2019. Septemba 2019 ndege ilikuja kuwachukua Wanigeria kuwarudisha kwao. Sisi tulifunga maduka. Wateja wangu wa Lusaka na Lubumbashi walianza kuulizia Guangzhou na Dubai, na wengine hawajarudi. Mnapima mtazamo wa Mwingereza kuhusu wizi wa simu Cape Town, sawa. Nani amempima Mmalawi aliyefukuzwa mtaani, anayewasimulia ndugu zake Lilongwe na Blantyre? Huyo ndugu ndiye mteja wenu mkubwa, na wimbo wa kumkaribisha kwenye redio hautamrudisha kama mtaa wenyewe hautulii.

#31 Nakuru Moja
Mama, pole. Hilo nakubali kabisa. Kwetu vikundi vya WhatsApp vya wasafiri swali la kwanza ni hilo, kabla ya bei.

#32 Tajiri wa Maun
Na msisahau Novemba 2021. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walitangaza omikroni, aina mpya ya korona, kwa uaminifu, wakaadhibiwa kwa kufungiwa ndege na Ulaya na Marekani ndani ya siku chache, msimu wa Desemba. Kambi zilikuwa zimeshanunua chakula. Hapo utawalaumu waliotangaza utalii au waliotangaza ukweli?

#33 Mzee wa Takwimu
Ndiyo maana wengine tunasema aliyelenga soko la jirani angalau hana ndege ya kufungiwa. Ila 2020 hata Beitbridge ilifungwa, kwa hiyo hoja hiyo nayo ina shimo.

#34 Msafiri wa Tunduma
Ahsanteni. Kitu kimoja bado hakijajibiwa. Kule Sauzi kuna tozo ya hiari ya asilimia moja ambayo mahoteli na kampuni za magari huikata kwa mgeni, na inakwenda kutangaza utalii. Mama wa Harare akilala hoteli inayokata, anachangia tangazo la London. Mwenye kujua kama kuna nchi yoyote ya SADC iliyowahi kutenga sehemu ya fedha ya namna hiyo kwa ajili ya mgeni wa mpakani, vyoo, taa, maafisa wa kutosha, alete hapa.

#35 Dereva wa Nakonde
Vyoo vya Beitbridge upande wa Zimbabwe vimejengwa upya, kituo kizima ni kipya. Ila wamempa mwekezaji na malori tunalipia kupita. Sijui kama na hilo unalihesabu kuwa ni kumkaribisha mgeni.

#36 Mama Yeoville
Mabasi pia yanalipia, na nauli inampandia mama yule yule.